Pete Moja Legevu

Mtaani walimwita Mama Vipande, na jina hilo alilipata kwa haki. Mtu akinunua mkufu wa shingo ukamzidi urefu, sonara huukata, na ile ncha inayobaki haina mwenyewe: mteja anaidharau, sonara anaisukuma pembeni kwa kiganja. Mama Vipande alizikusanya ncha hizo kwenye mkebe wa biskuti. Nyingine zilisokotwa kama kamba, nyingine zilikuwa bapa na laini, nyingine fedha safi, nyingine shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu kuwazuga wasiojua. Alizimwaga mezani, akazipanga kwa unene, akaziunga kwa vipete vidogo mpaka zikatoka cheni za mkono ambazo hakuna mbili zilizofanana. Wanawake walizipenda kuliko mali mpya ya kabatini.

Meza yake ilikuwa ndani ya karakana ya Fundi, sonara mwenye tumbo la mviringo na vidole vya mwanamke. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, mlango wa bati ukitazama barabara. Benchi la mti mgumu lililoungua huku na huku, ngozi iliyotundikwa chini yake kudaka vumbi la dhahabu, tochi ya gesi juu ya tofali, bakuli la tindikali lenye kifuniko, na karibu na mlango mashine ya kubania waya, donge la chuma lenye mpini wa kuzungusha, ambalo kila mgeni lazima ajigonge nalo nyonga. Fundi alikuwa mtu mwema. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu huko mbele kuna atakayetaka kumnyonga.

Cheni za Mama Vipande zilikuwa na kasoro, na Fundi ilimuuma roho kila alipoiona. Vipete vyote vilifungwa kwa lehemu na moto isipokuwa kimoja. Hicho kimoja alikikata kwenye waya mwembamba, akakibana kwa koleo, akakiacha hivyohivyo. Ukifua, ukipika, ukibeba mtoto, kilishika. Ukivutwa kwa nguvu, kilifunguka. Wateja walirudi na cheni zilizokatika, naye alizirekebisha bure bila kununa.

"Dada, unanitia aibu," Fundi alimwambia. "Pete moja tu hiyo. Niletee niipige moto, yaishe."

"Iache, Fundi."

Na Fundi aliiacha. Hakuwa mtu wa kuchimba mambo ya watu. Alijiambia kwamba huenda macho ya dada yamechoka, au kwamba anaonea gesi huruma, akarudi kwenye kazi yake.

Wanawake ndio waliojua. Mama Vipande alipomfunga mteja cheni mkononi, na hakuna mwanamume karibu, aliinama kidogo akasema, "Mtu akikushika hapa, usimfuate. Vuta." Wengine walicheka. Wengine hawakucheka kabisa, na hao ndio waliorudi na dada zao.

Sababu ya yote hayo ilikuwa shingoni mwake, chini ya kitambaa alichokifunga hata wakati wa jua kali. Aliolewa akiwa msichana na mwenye bucha, jitu la mikono minene, na jitu hilo lilimpa mkufu wa fedha mnene kama kidole cha mtoto. Kifungo chake kikapigwa moto akiwa ameuvaa, kitambaa kibichi kikiwa kimekingwa shingoni asiungue. Mume alisema ni kwa ajili ya wezi. Mama mtu alimwonea fahari bintiye, na mashoga zake walimwonea kijicho, na yeye mwenyewe alitembea kidevu juu kama twiga. Ndoa haikuwa imezoeleka hata kidogo alipojua mkufu ule ulikuwa wa kazi gani.

Mume aliuzungusha kwenye ngumi yake. Mzunguko mmoja, miwili, mpaka vifundo vya vidole vikamkaa mkewe kooni, halafu akazungumza naye taratibu, uso kwa uso, huku mwenzake macho yakimtoka. Wakati mwingine alimpigiza ukutani. Wakati mwingine alimtembeza uani hivyo, mbele ya majirani, na majirani wakaingia ndani kutazama vyungu vyao. Watu wa aina hiyo wapo kila mahali, na vyungu vyao havijawahi kuungua.

Siku ya mwisho sababu ilikuwa chumvi. Aliiweka mara mbili kwenye mchuzi kwa kusahau. Mume alionja, akaweka kijiko, akanyoosha mkono, akamburuta kutoka jikoni, akampitisha uani juu ya changarawe, akielekea getini. Alisema anamtoa nje kama takataka. Binti yao, mtoto wa kutembea tu na kuongea nusu maneno, aling'ang'ania mguu wa mama yake, akaburutwa naye. Mkufu haukukatika. Ulikuwa mkufu mzuri. Ngozi ndiyo iliyokatika, damu ikamwingia mama kifuani, na mwanga ukaanza kumpungua machoni.

Kwenye kizingiti cha geti mume alitua kupumzika, ngumi yake imekaa juu ya saruji, mkufu umeizunguka. Shoka lake la kazi lilikuwa limeegemezwa ukutani likisubiri kunolewa. Mama Vipande, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, alilifikia kwa mkono wa kushoto, akaligeuza, akaishukia ile ngumi kwa kisogo cha chuma. Kitu kilipasuka ndani ya ule mkono kama kuni kavu. Akampiga tena palepale. Mara ya kwanza ilikuwa ya kujiokoa. Mara ya pili alipiga kwa sababu alitaka, na hakuwahi kujidanganya juu ya hilo.

Mume alikwenda kwa kaka zake, akawaambia gari la nyama limemkanyaga mkono. Aibu ilimzidi maumivu. Hakushika shoka tena wala hakurudi, na miaka michache baadaye homa ilimaliza kilichobaki. Mkufu aliukata Fundi. Mwanamke aliingia karakana na kanga iliyoloa damu shingoni, mtoto mgongoni, akasema, "Kata." Fundi aliona, akachukua mkasi wa bati, akakata bila kuuliza neno. Mama aliutupa mkufu ule chooni, fedha tupu, na kesho yake akarudi kuomba kazi kwa mtu ambaye hakumuuliza neno.

Lakini kilichomkosesha amani si damu wala mume. Ni mtoto. Alipokuwa amesimama na shoka mkononi aligeuka, akamwona binti yake ametulia tuli, halii, anautazama mkono uliovunjika kwa makini kama anayejifunza. Na jioni ile, uani, mtoto alichukua jiwe, akamlaza mwanasesere wake wa matambara, akampondaponda mkono. Mama alimnyang'anya jiwe. Moyo ulimwuma kuliko shingo. Aliapa hapo kwamba huyu mtoto, akishikwa siku moja, atatoka kwa kuvuta tu. Hatahitaji kuvunja mtu. Na ndipo, alipoanza kuunga vipande, ikazaliwa ile pete legevu.

Aliona ikifanya kazi kwa macho yake. Mchana mmoja kijana wa pikipiki alimkwapua mteja wake cheni ya mkono mbele ya karakana ileile. Pete ilifunguka, mwanamke akabaki amesimama badala ya kuburutwa chini ya magurudumu, na kijana, aliyetegemea uzito, akayumba akaanguka na pikipiki yake. Watu walimvamia kabla injini haijazima. Walimpa kipigo cha mbwa mwizi, kwa viatu, kwa tofali, kwa mpini wa ufagio, meno yakatapakaa lami. Mama Vipande naye alivua kandambili, akamchapa usoni. Kisha akaona jicho la yule kijana, moja lililokuwa bado linaona, likimtazama yeye. Akarudi ndani, akatapikia ndoo ya maji ya kuoshea fedha.

Binti alikua, akawa mrefu, mcheshi, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Akampata mchumba: fundi wa grili za madirisha, kijana nadhifu, mpole wa kuongea, ambaye hakuwahi kumwita Mama Vipande kwa jina la mtaani. Ilikuwa "mama" tu, na shikamoo ya kuinama. Alichomelea grili zenye mapambo, vyuma vilivyojikunja kama konokono. Mama alimchunguza kila pembe na hakuona ufa. Alichoona ni kwamba kijana alipenda kila kitu kikae pale alipokiweka, na hilo si kosa la kumnyima mtu mke.

Kwa harusi, mama alitengeneza cheni bora kuliko zote alizowahi kutengeneza: ncha za fedha nzito tu, alizozificha chini ya mkebe miaka mingi. Alilehemu vipete vyote, akaacha kimoja. Akaiweka kwenye benchi chini ya kitambaa, akaenda kushughulikia viti na maturubai.

Asubuhi Fundi alifungua karakana, akaiona. Aliishika kwenye mwanga. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba ilimpa wivu kidogo. Kisha akaiona pete iliyo wazi, akatikisa kichwa kwa huruma. Maskini dada, pilika za harusi zimemchanganya, na cheni ya mwanawe mwenyewe! Hakutaka zawadi ya namna hiyo ikatike siku ya furaha mbele ya wakwe. Aliwasha tochi, akadondosha tone la lehemu, akalisugua kwa tupa na msasa mpaka hata yeye alitafuta pale palipokuwa na mwanya. Akairudisha chini ya kitambaa. Hakumwambia mtu, maana alihesabu kwamba hiyo ndiyo zawadi yake, na zawadi nzuri haitangazwi.

Mama alimfunga binti cheni hiyo mkononi siku ya harusi, na hakuikagua. "Unajua," alimwambia.

"Najua, mama. Nivute," binti alisema akicheka. "Tangu niko tumboni unaniambia."

Wiki ya kwanza mume alikibana kifungo cha cheni kwa koleo lake, kikalala bapa, kisifunguke. Alisema ni ili isipotee. Binti alimwachia mkono akatazama pembeni. Alijua kuna pete moja legevu, na siri hiyo ilimpa utulivu. Alimwona mumewe kama mtu anayefunga mlango huku ukuta wa nyuma haupo.

Kofi la kwanza lilikuja kwa sababu ya shati. La pili kwa sababu alikumbushia la kwanza. Baada ya hapo hayakuhitaji sababu. Mume hakupaza sauti. Alipiga kama anavyonyoosha bati, pale palipojitokeza, halafu akanawa mikono, akaomba chai. Binti alianza kuvaa mikono mirefu. Alipokuja kumtembelea mama alikaa kidogo, akacheka mahali pasipo na kichekesho, akaondoka. Mama aliona. Alimuuliza, "Mwanangu, anakugusa?" Binti akajibu, "Cheni yako ninayo, mama." Jibu hilo lilimtuliza mama, na baadaye alitamani ajing'ate ulimi kwa kutulia kwake.

Siku yenyewe binti alisema anakwenda kwa mama yake kulala huko. Mume alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Aliweka chini mfuko wa vifaa, akamshika kifundo cha mkono, akampeleka dirishani. Akaingiza moja ya zile konokono za grili ndani ya cheni, kati ya fedha na ngozi, akachukua nyundo, akaigonga konokono ile mpaka ikajifunga. Kila pigo lilitikisa mfupa wa mkono. Alipomaliza alimpiga ngumi moja ya tumbo, ya kuagia, akabeba mfuko wake.

"Nikirudi nikukute," alisema, akaenda kazini.

Binti hakuogopa. Alimngoja apotee kwenye kona, akapumua, akavuta kama alivyofundishwa. Cheni haikufunguka. Akavuta tena. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa mwili wote, na cheni ikaingia kwenye nyama. Ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Alivuta akilia, akavuta akimtukana mumewe, akavuta akimtukana mama yake. Ngozi ikavuka kama soksi, damu ikateremka ukutani, na mwisho ndani ya kidonda kitu cheupe kikaonekana. Kilichokubali hatimaye si cheni. Ni chuma cha dirisha: mume wake alikuwa amechomelea mapambo juujuu tu, kama wafanyavyo wengi kwa yasiyobeba uzito.

Aliingia karakana adhuhuri, mkono umezungushiwa taulo jekundu ambalo asubuhi lilikuwa jeupe, konokono ya chuma ikining'inia kifundoni.

"Nilivuta," alimwambia mama yake. Hakupiga kelele. "Nilivuta kama ulivyoniambia. Kwa nini uliniambia nivute?"

Mama Vipande alimkalisha, akafunua taulo, akatafuta ndani ya damu kwa vidole vyake. Alizijua pete zake hata gizani. Aliifikia ile moja, akaipapasa, na pale alipotegemea mwanya akakuta fedha laini. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Lehemu. Na mkono wa nani uliosugua lehemu namna ile, hakuhitaji kuambiwa.

Fundi alikuwa amesimama, rangi imemtoka. "Niliikuta wazi," alisema. "Nikadhani umesahau. Ilikuwa harusi, dada."

Mama alichukua nyundo ya mti na kumpiga Fundi nayo begani, kisha mgongoni, kisha akaitupa na kumkaba koo kwa mikono miwili, akamsukuma mpaka kisogo chake kikagonga rafu na mitungi ya dawa ikaanguka. Fundi hakujikinga. Machozi yalimtoka.

"Hukuniambia," alikoroma. "Miaka yote hiyo, hukuniambia ni ya nini."

"Hukuniuliza!"

"Mama," binti alisema kutoka kwenye kiti. "Mkono."

Mama alimwachia. Fundi, akikohoa, alileta mkasi wa bati, na safari hii mama akamnyang'anya. Aliikata cheni mwenyewe, palepale kwenye tone la lehemu. Binti alizirai kidogo, akarudi. Fundi alimwagia kidonda maji yaliyochemshwa yakapoa, akafunga kwa kitambaa safi, akarudia kusema maneno yaleyale ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kumpeleka hospitali pale kivuli kilipoziba mlango wa bati.

"Shikamoo, mama."

Mkwe alikuwa amepita nyumbani kuchukua kipimo alichosahau, akakuta dirisha limevunjika na damu imechora njia. Alisimama mlangoni, glavu za kuchomelea zimechomekwa mfukoni, uso mtulivu. Mama Vipande hakuitikia. Kumnyima mkwe jibu la salamu ni jambo kubwa, na wote mle ndani walilisikia.

"Nimemfuata mwenzangu," mkwe alisema. "Ameharibu dirisha. Tutazungumza nyumbani."

"Haendi," Mama alisema.

"Mama, nakuheshimu. Hayo ni ya nyumbani kwangu."

Fundi alijitia katikati, mikono mbele, akianza, "Kijana wangu, hebu tukae." Mkwe alimpiga kichwa cha uso. Pua ilipasuka, Fundi akakaa chini kama gunia lililofunguliwa. Mkwe alimruka, akamkamata mkewe nywele. Binti akapiga yowe, na mama akamrukia yule mwanamume mgongoni, akamng'ata sikio, akahisi gegedu likikatika kati ya meno yake. Mkwe alimtikisa akamtupa. Mama alipoinuka tena, mkwe akamkamata mkono wa kulia, juu ya cheni ya mama mwenyewe, ile ya shaba na fedha aliyoivaa kila siku ya kazi. Akaizungusha kwenye ngumi. Mzunguko mmoja, miwili. Mama aliujua mzunguko huo kama anavyojua njia ya nyumbani.

"Nitakuvunja, mama," mkwe alisema kwa ile sauti yake ya adabu, damu ikimchuruzika shingoni. Akajiegemeza nyuma kwa uzito wote ili amburute mpaka nje.

Mama hakumfuata. Alivuta.

Pete ilifunguka. Mkwe alikwenda kinyumenyume na uzito wake wote, vipande vya cheni mkononi, kisogo chake kikakutana na ile mashine ya kubania waya. Mlio ulikuwa mfupi. Aliteleza mpaka sakafuni akaketi, miguu imenyooka, macho yakitafuta mahali pa kukaa. Mkono wake wa kulia ulilala wazi juu ya saruji, kiganja juu, vipande vya cheni vimetapakaa vidoleni.

Binti alikuwa amesimama. Aliona yote. Alitazama kifundo cha mama yake, ambacho hakikuwa hata na mchubuko, kisha akatazama chake.

"Inafunguka kweli," alisema.

"Inafunguka, mwanangu. Twende. Haya twende, mlango huo hapo, hawezi kutushika."

Lakini binti aliifikia nyundo ya chuma kwenye benchi, kwa mkono wa kushoto, mkono uleule ambao mama yake aliutumia. Mama aliona, akasema, "Usifanye." Akasema, "Nakuomba." Angeweza kumzuia, alikuwa karibu vya kutosha kumshika. Hakumshika. Kumshika kungemlazimu akamate kifundo, na kifundo kilichokuwa karibu kilikuwa kile kilichofungwa kitambaa.

Nyundo ilishuka. Mama aliisikia ile kuni kavu tena, miaka yote hiyo baadaye, na safari hii aliisikia akiwa upande wa wanaotazama. Binti aliinua akapiga mara ya pili. Uso wake ulikuwa makini, kama wa mtoto anayejifunza. Ndipo mama alipopiga magoti sakafuni, katika damu na vumbi la fedha, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia getini siku ya shoka.

Majirani wa barabara waliingia wakati huo, na hawa, tuwape haki yao, hawakurudi kutazama vyungu. Walimbeba mkwe, wakambeba Fundi, wakamsindikiza binti. Hospitali mkwe alieleza kwamba grili imemwangukia. Mtu hawezi kwenda mahakamani kusema mke wake amemvunja mkono wakati mkono wa mke umelala kitanda cha pili ukionyesha mfupa. Alihama. Husemekana sasa anauza rangi, maana chuma hakimkubali.

Mkono wa binti ulipona lakini haufungi ngumi. Anakaa mezani karibu na mama yake, anafanya kazi kwa kushoto. Pua ya Fundi imelalia upande, na pamoja nayo umekuja mdomo mpya: siku hizi anauliza. Juzi mwanamume alimleta mchumba wake, akaagiza mkufu ufungwe kwa moto shingoni, usivuke. Fundi aliwasha tochi, akaizima, akamgeukia msichana. "Wewe unatakaje?" akamuuliza. Mwanamume akajibu yeye. Fundi akasema, "Nimemuuliza yeye," akakunja mikono juu ya tumbo lake, akangoja. Waliondoka bila mkufu, na msichana aligeuka mara moja mlangoni.

Ile konokono ya chuma binti aliipigilia ukutani, juu ya meza. Hakuna cheni inayotoka mle ndani kabla hajaitundika pale, akaivuta kwa mkono wake mbovu, kwa nguvu zote, mpaka pete ifunguke. Kisha anaibana upya kwa koleo, anaifunga kwenye karatasi. Mama amemwambia mara nyingi kwamba haina haja, kwamba hizo amezitengeneza yeye, kwamba hakuna mtu mwingine anayezigusa tena.

"Najua, mama," binti anasema, na anaitundika inayofuata.

Mama Vipande huacha kazi mikononi mwake na kuinamisha kichwa. Hapumui mpaka asikie ile pete ikifunguka.